Kumsalimisha mpinzani kutoka maunti: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya huulizwa mazoezini karibu kila wiki na wanafunzi wa Kampala, Bombo, Jinja na Busia, na wengine walioko Arua ambao bado wanajifunza zaidi kwa video kuliko kwa mwalimu. Tunafundishana kwa Kiswahili kwa sababu ndani ya chumba kimoja unamkuta Mnubi, Mlugbara, Msamia, Mganda na afande aliyekulia kambini, na hiyo ndiyo lugha ambayo kila mmoja anaisikia. Majibu ni ya jiu-jitsu ya Kibrazili, lakini mtu wa judo ataona mengi anayoyajua.

Jambo moja litajirudia hadi mwisho: kiwiko cha aliye chini. Kikiwa kimebana ubavu wake, mbinu zako karibu zote zimefungwa. Kikitoka ubavuni, zinafunguka. Anayeelewa hili atajifunza mbinu tano za maunti kwa muda ambao mwingine anajifunza moja.

Maunti ni nini hasa, na kwa nini inapewa pointi nyingi?

Ni pale unapomkalia mpinzani aliyelala chali, magoti yako yakiwa chini kila upande wa kiwiliwili chake, uso wako ukielekea kichwani kwake. Kwa kanuni za IBJJF, shirikisho linaloandaa mashindano makubwa ya dunia, ukiidhibiti kwa sekunde 3 unapewa pointi 4. Kupita gadi, yaani kuivuka miguu ya aliye chini anayoitumia kukuzuia, ni pointi 3, kumwangusha mtu ni 2. Kumkamata mgongoni kwa miguu yote miwili pia ni 4, na hakuna mkao unaolipa zaidi ya huo.

Sababu ni rahisi. Miguu yake, ambayo ndiyo silaha kubwa ya mtu aliyelala chali, imebaki nyuma yako haina kazi. Uzito wako unamshukia, wake haukufikii. Mikono yako inaifikia shingo yake, yake haifikii ya kwako vizuri. Hata hivyo pointi 4 ni malipo ya kufika tu. Watu wengi hufika, wakapewa pointi, kisha wakapinduliwa kwa sababu hawakujua la kufanya huko juu.

Nimekulia kwenye mieleka ya kijijini. Mgongo wa mtu ukigusa chini, si nimeshinda?

Kwenye kigwo cha Buganda na mieleka mingi ya kwetu, ndiyo, hapo ngoma inaisha. Kwenye jiu-jitsu hapo ndipo kazi inapoanza. Mcheza mieleka ana faida kubwa ya kujua kumwangusha mtu na kumlemea, lakini huwa na tabia ya kukumbatia kwa nguvu akingoja filimbi. Filimbi hiyo haiji. Badilisha nia: kumlaza chali kumekupa nafasi, sasa itumie.

Nikifika juu sidumu. Napinduliwa au anachomoa goti na kunirudisha nusu gadi, mguu wangu mmoja ukinaswa kati ya miguu yake. Nianzie wapi?

Anzia hapa, na usiguse mbinu yoyote ya kumaliza mpaka uweze kukaa juu ya mtu wa uzito wako kwa dakika nzima huku anapigana kutoka. Ninasisitiza hili kuliko jambo lingine lolote katika ukurasa huu. Mwanafunzi anayekimbilia kabali kabla hajajua kukaa hufundisha mwili wake kupoteza nafasi.

Kuna njia mbili kuu za aliye chini kutoka. Ya kwanza ni daraja: anashika mkono wako mmoja, anafunga mguu wako wa upande uleule, ananyanyua nyonga na kukupindua upande huo. Ya pili ni kujigeuza ubavu, kusukuma goti lako kwa kiwiko chake, na kuingiza goti lake kwenye pengo. Kila moja ina dawa yake.

Dhidi ya daraja, kaa chini. Nyonga zako zizame juu ya tumbo lake, vidole vya miguu viende chini ya mapaja yake au vikutane chini ya makalio, kifua kikaribie kifua. Mikono itandazwe mbali, mbele ya kichwa chake, ili anapokusukuma upande mmoja uwe na mahali pa kujishikilia. Akishika mkono mmoja na kuuvuta ndani, wa pili uende mbali zaidi. Uzito wako uwe kama gunia la mahindi lililoachwa juu yake, likianguka kila anapopumua nje. Usimbane kwa magoti kwa nguvu zote, maana misuli iliyokakamaa humpa kitu kigumu cha kukisukuma.

Dhidi ya kiwiko na goti, panda juu. Goti moja, kisha lingine, polepole mpaka magoti yako yafike kwenye makwapa yake. Hapa ndipo kiwiko kinapoingia. Kila hatua ya goti lako kuelekea kwapani inakiinua kiwiko chake kutoka ubavuni. Ukitumia mkono, ingiza vidole vyako kati ya kiwiko chake na mbavu, vitembeze juu kwenye mkeka kama vile unapanda, mpaka mkono wake uelekee kichwani. Kisha goti lako lijaze nafasi iliyoachwa. Kiwiko hakiwezi kurudi ubavuni kwa sababu paja lako liko hapo.

Huo ndio maunti ya juu. Hapo hana uwezo mkubwa wa kupiga daraja, kwa kuwa nyonga zake ziko mbali na uzito wako. Sasa tunaweza kuzungumzia kumaliza.

Mbinu gani nijifunze kwanza?

Amerikana, kufuli ya bega. Wapo walimu wanaoanza na kabali ya kola, nami sibishani nao, lakini amerikana inafanya kazi ukiwa na gi (vazi zito la mazoezi lenye kola) au huna, inakuacha juu hata ikishindwa, na mwenzako ana muda wa kugonga, yaani kuashiria kwamba amesalimu.

Chukua mkono wake wa kushoto, ambao uko upande wako wa kulia. Kifundo chake cha mkono kiko karibu na kichwa, kiganja kikielekea juu, kiwiko kimekunjwa. Mkono wako wa kushoto unashika kifundo hicho, kidole gumba chako kikiwa pamoja na vidole vingine, na unakibandika kwenye mkeka. Kiwiko chako cha kushoto kikae chini, kikigusa ubavu wa sikio lake, ili asiweze kugeukia upande huo kutafuta mkono wake. Mkono wako wa kulia unapita chini ya msuli wa nyuma wa mkono wake na kushika kifundo chako mwenyewe. Kufuli imekamilika.

Kumaliza kuna hatua mbili, na watu hufanya ya pili tu. Kwanza vuta kiwiko chake kishuke kuelekea kiunoni, mgongo wa kiganja chake ukiburuzika mkekani. Baadaye ndipo unainua kiwiko hicho kidogo kidogo huku kifundo kikibaki chini. Bega litakaza na atagonga.

Amerikana yangu inawashinda watu wenye nguvu. Kwa nini?

Mara nyingi ni kwa sababu umesahau kukivuta kiwiko chini. Kiwiko kikiwa sawa na bega au juu yake, mtu mwenye mabega mapana anavumilia na kusukuma. Kikikaribia mbavu zake, nguvu hiyo hana.

Sababu nyingine: unainua kifundo kutoka kwenye mkeka, au unasukuma kwa mikono pekee. Mkono wake ubandike kwa kifua chako, yaani uegemeze mwili mzima juu ya kufuli. Ukishindana naye mkono kwa mkono, fundi ujenzi anayebeba saruji kutwa atakushinda.

Akinyoosha mkono kukimbia, usimfuate kwa hasira. Mkono ulionyooka ni wa juji-gatame, kufuli ya kukaza kiwiko kilichonyooka. Akiurudisha kiwiko ubavuni kwa nguvu, shingo imebaki wazi, nenda kwenye kola.

Kwenye juji-gatame nafika mkononi vizuri, kisha anachomoka nikiwa naanguka nyuma. Nakosea wapi?

Unaanguka mapema. Hili ni kosa la karibu kila mkanda mweupe, yaani anayeanza, na linauma kwa sababu mtu anatoka maunti, mahali pazuri kuliko pote, anaishia chini ndani ya gadi yake mwenyewe akiwa hana chochote mkononi.

Fanya hivi. Ukiwa kwenye maunti ya juu, ngoja atoe mkono: kukusukuma kifuani, kukushika kola, kujikinga na kabali. Ukumbatie mkono huo kifuani kwako mara moja. Sasa geuza nyonga. Goti la upande wa mkono unaoushambulia linapanda mpaka kando ya kichwa chake, na bega lake linakaa juu ya paja lako, limenyanyuka kutoka kwenye mkeka. Mguu wa pili unakunjwa, muundi ukilala kifuani kwake na unyayo ukiingia karibu na kwapa la mbali. Miguu yako imechora herufi S, na ndiyo maana watu huuita mkao huu maunti ya S. Uzito wako wote bado uko juu ya kifua chake. Hata ukikaa hapo sekunde kumi, hana pa kwenda.

Egemeza mkono mmoja mkekani upande wa pili wa kichwa chake, pumzisha uzito mbele, na mguu ule ulio kando ya kichwa uvushe juu ya uso wake. Mguu ukishavuka na kushuka, ndipo unakaa chini polepole, makalio yakigusa bega lake. Pengo la kiganja kimoja kati ya makalio yako na bega lake linatosha kumwokoa. Magoti yabane pamoja, kidole gumba chake kielekee juu, kifundo kishikwe kifuani, kisha nyonga zipande kidogo.

Akifungasha mikono yake pamoja kujilinda, usivute kwa mgongo. Subiri, ingiza mkono wako kwenye kona ya kiwiko chake, egemea kuelekea kichwani kwake badala ya kurudi nyuma moja kwa moja, na mshiko wake utafunguka.

Kabali ya kola kutoka maunti inaonekana rahisi kwenye video. Mbona kwangu inabana kidevu tu?

Kwa sababu mkono wa kwanza haujaingia ndani vya kutosha. Hii ndiyo mbinu ninayoipenda kuliko zote, na inastahili uvumilivu wako. Roger Gracie, bingwa wa dunia mara 10 katika mkanda mweusi, aliwamaliza nayo watu waliokuwa wanajua kabisa inakuja. Mwaka 2009 alichukua ubingwa wa dunia wa uzito wake na ule wa uzito wa wazi, yaani usiogawa watu kwa kilo, akikaba kola kutoka maunti mpinzani baada ya mpinzani. Hakuna siri anayoificha. Alichokuwa nacho ni kina cha mkono wa kwanza na subira.

Mkono wa kwanza: tumia mkono mwingine kuifungua kola, ivute mbali na shingo. Ingiza vidole vinne ndani ya kola, kiganja kikielekea juu, kidole gumba nje. Usisimame kwenye mfupa wa mtulinga. Endelea mpaka vifundo vya vidole viguse mkeka nyuma ya shingo, chini ya sikio. Ukiona nafasi ni finyu, inua kichwa chake kidogo kwa mkono wa pili, ingiza, kisha kirudishe. Mkono huu peke yake tayari ni tishio, kwa hiyo atainua mikono kuushika. Umeona kilichotokea? Viwiko vimetoka ubavuni. Panda juu zaidi.

Mkono wa pili unaingia juu au chini ya wa kwanza, kidole gumba ndani ya kola au kwenye kitambaa cha bega, karibu na shingo. Wanafunzi huuweka mbali kwenye bega kwa sababu ndiko kuna nafasi. Kaza mshiko karibu.

Kumaliza hakuhitaji kuvuta juu. Shusha kichwa chako mkekani kando ya kichwa chake, kifua kikimlemea, na viwiko vyako virudi kwenye mbavu zako huku vifundo vikigeuka kidogo. Mifupa ya mikono miwili inabana mishipa mikubwa ya damu pande zote mbili za shingo. Ikikaa sawa, hakuna maumivu makubwa, kuna giza linalokuja, na atagonga haraka. Ikiwa anakohoa na kulalamika koo, umebana bomba la hewa. Rekebisha. Kulazimisha koromeo ni kuumiza mwenzako bila kumkaba.

Akijilinda vizuri kwa mikono miwili shingoni, usiachilie mkono wa kwanza. Mkono wake mmoja uko juu, umetengana na mwili, unasubiri juji-gatame. Akiulinda mkono huo, anaiacha shingo wazi tena. Hapo ndipo maunti inakuwa taabu kwa aliye chini: kila anapojibu swali moja anafungua lingine.

Ezekieli ni nini, na kwa nini watu wa judo wanaipenda?

Ni kabali ya kutumia mkono wa gi yako mwenyewe. Judo inaiita sode-guruma-jime. Kwa watu wa jiu-jitsu ilipewa jina la Ezequiel Paraguassú, mcheza judo wa Brazil aliyekuwa akiwakaba nayo wenyeji alipofanya mazoezi katika akademi ya jiu-jitsu.

Mkono mmoja unapita chini ya kichwa chake kana kwamba unamkumbatia. Vidole vinne vya mkono huo vinaingia ndani ya mkono wa gi wa mkono wako wa pili. Mkono wa pili unakata mbele ya shingo yake, kama ngumi au kiganja kilichonyooka, kisha unanyoosha vifundo. Uzuri wake ni kwamba unaifanya ukiwa umelala chini kabisa, kifua kwa kifua, mahali ambapo daraja lake halina nguvu. Kanuni za IBJJF zinakataza kuingiza vidole ndani ya mkono wa gi wa mpinzani, lakini wa kwako mwenyewe ni ruksa kwa kabali hii.

Ipo pia bila gi, ukishika mkono wako badala ya kitambaa. Januari 2017 Aleksei Oleinik aliwashangaza watu wa UFC, mashindano ya mapambano mchanganyiko, kwa kumkaba nayo Viktor Pešta huku Pešta ndiye aliyekuwa juu kwenye maunti. Usiige hilo. Chukua funzo lake tu: hata ukiwa juu, usimwachie mtu mikono izunguke shingo yako ukidhani uko salama.

Tunafanya mazoezi bila gi kwa sababu hazipatikani kirahisi. Kuna kabali gani bila kola?

Kata-gatame, yaani pembetatu ya mikono, ndiyo chaguo langu la kwanza. Tena ni kiwiko. Mkono wake unapotoka ubavuni, usukume uvuke shingo yake mwenyewe. Bandika kichwa chako nyuma ya mkono huo, sikio lako likibana msuli wake, na mkono wako upite chini ya shingo na kushikana na wa pili. Shingo yake sasa imebanwa na mkono wako upande mmoja na bega lake mwenyewe upande wa pili. Baada ya hapo shuka kutoka maunti kuelekea upande wa ule mkono ulionaswa, nyonga zishuke chini, kifua kimlemee, na ubane taratibu. Ngoja. Kabali hii huchukua muda kidogo kuliko nyingine, na wengi huachilia sekunde mbili kabla ya mtu kugonga.

Nyingine ni pembetatu ya miguu kutoka juu, pale mkono wake mmoja unapobaki ndani ya mapaja yako na mwingine nje ukiwa kwenye maunti ya juu sana. Ni nzuri, lakini inakudai uhatarishe nafasi, hivyo ijifunze baadaye.

Kimura inafanyika kutoka maunti?

Inafanyika, hasa mtu anapogeukia ubavu na mkono kubaki nyuma. Lakini si silaha kuu ya hapo. Inazungusha bega upande ulio kinyume na amerikana. Jina linatokana na Masahiko Kimura, Mjapani aliyemshinda Hélio Gracie nchini Brazil mwaka 1951 kwa kufuli hiyo.

Kufuli za kifundo cha mkono je?

Kwa IBJJF, mkanda mweupe haruhusiwi. Kuanzia bluu, watu wazima wanaruhusiwa. Kifundo huumia ghafla, onyo ni dogo. Mazoezini kwetu anayeanza haguswi kifundo, kwisha.

Mimi ni dada wa kilo 52 na karibu wote mazoezini ni wanaume wazito. Maunti ina maana kwangu?

Ina maana, ila ya kwako itakuwa tofauti. Mtu mzito anaweza kukaa chini tu na uzito ukafanya kazi. Wewe kaa juu zaidi, magoti makwapani mapema, usikae tumboni ambako daraja lake litakurusha. Akigeuka ubavu, usipigane kumrudisha chali. Inua goti la upande wa mgongo wake, unyayo karibu na nyonga yake, goti la pili nyuma ya kichwa, na ukae naye hivyo pembeni. Kutoka hapo kola iko wazi, mkono wa juu uko wazi, na mgongo uko wazi. Wepesi wako ni wa kuhama kabla hajamaliza daraja lake.

Chagua pia wa kufanya naye mazoezi. Mwanamume anayekuangukia kwa uzito wote ili asishindwe na mwanamke hakufundishi kitu, na una haki ya kumwambia hapana. Kocha mwema atakuunga mkono mbele ya watu. Kwa dada wanaofunika kichwa, kitambaa kifungwe kibane na pini zote zitolewe kabla ya kupanda mkekani.

Kukabwa kuna hatari? Nikizimia je?

Kabali ya damu iliyokaa sawa inaweza kumzimisha mtu kwa takriban sekunde 10, wakati mwingine chini ya hapo. Ndiyo maana tunagonga mapema na ndiyo maana anayekaba lazima aangalie na kusikiliza. Mwenzako akilegea, mikono ikidondoka, au akikoroma, achilia hapohapo hata kama hakugonga. Mlaze, hakikisha anapumua, mwambie kwa utulivu alipo. Wengi huamka ndani ya sekunde chache. Asiporudi haraka, akichanganyikiwa kwa muda, akiona vibaya au upande mmoja wa mwili ukiwa dhaifu, ni hospitali, si maji ya kumwagia usoni. Na aliyezimia haendelei na mazoezi siku hiyo, awe afande au bingwa.

Kugonga ni mara mbili au zaidi, kwenye mwili wa mwenzako ili ahisi, au kwa sauti. Mikono ikiwa imenaswa, piga kelele au gonga kwa mguu. Juji-gatame ifungwe polepole mazoezini siku zote: kiwiko kinatoka salama hadi kuumia bila kituo katikati.

Watoto wafundishwe haya?

Wafundishwe kukaa juu, kutoka chini na kuheshimu anayegonga. Kabali za Ezekieli na kata-gatame zimekatazwa na IBJJF kwa watoto walio chini ya miaka 13, na naziunga mkono kanuni hizo kikamilifu.

Mimi ni bondia wa Katwe. Maunti inanihusu vipi?

Uganda ina historia ya ngumi ya kujivunia. Ayub Kalule alikuwa bingwa wa dunia wa WBA mwaka 1979, John Mugabi wa WBC mwaka 1989. Lakini ngumi nzuri inahitaji miguu iliyosimama. Novemba 1993, katika UFC ya kwanza mjini Denver, Royce Gracie aliwashinda watu wakubwa kuliko yeye kwa kuwapeleka chini, akimwanza bondia aliyevaa glavu mkono mmoja, Art Jimmerson, ambaye alisalimu amri chini ya maunti kabla hata mbinu yoyote haijafungwa.

Ukiingia mapambano mchanganyiko, maunti ndipo ngumi zako zinarudi kuwa na thamani. Ngumi zinamlazimisha mtu kufunika uso, kufunika uso kunainua viwiko, na tayari unajua viwiko vilivyoinuka vinaleta nini.

Ni askari wa ulinzi. Naweza kumkaba mwizi kazini?

Nakusihi usimkabe shingo. Mtu wa barabarani hajui kugonga, huenda amelewa au ana ugonjwa, na wewe una hofu, hivyo utashikilia kupita kiasi. Akifa mikononi mwako, kusema ulikuwa unamdhibiti hakutakutosha. Maunti yenyewe, bila kabali, inamshikilia mtu mpaka wenzako wafike. Na kama wako wawili au ana kisu, usikae chini kabisa.

Muda wa mechi ni mfupi. Nikifika maunti nisiharakishe?

Mechi ya mkanda mweupe wa watu wazima ni dakika 5, bluu 6, zambarau 7, kahawia 8, nyeusi 10. Ukifika juu dakika ya tatu, una muda wa kutosha. Mwamuzi anaweza kuhesabu sekunde 20 dhidi ya asiyeonyesha nia ya kusonga mbele, lakini kupandisha goti, kufungua kola na kutoa kiwiko ni kushambulia. Unayemwona ametulia juu mara nyingi ana kazi nyingi kuliko anayerukaruka.

Niko Arua, hakuna klabu karibu. Nifanyeje?

Tafuta mwenzako mmoja mwaminifu kabla ya kutafuta video ya kumi. Mnaweza kuanza na turubai nene juu ya magodoro, mbali na ukuta na kona za saruji. Msirushane, anzeni mkiwa tayari chini. Zoezi moja kwa majuma kadhaa: mmoja juu kwenye maunti, mwingine anajaribu kutoka, dakika mbili, kisha mnabadilishana. Hakuna kabali. Mkiweza kukaa, ongezeni sharti kwamba wa juu atoe kiwiko kimoja ubavuni. Baada ya hapo amerikana, tena polepole, na kabali ziwe za mwisho, ikiwezekana baada ya kuja Kampala mkaonyeshwa na mtu mwenye uzoefu ambaye ataweka mikono yenu mahali pake.

Gi ukibahatika utaikuta ya judo kwenye mitumba, hata soko la Owino mjini Kampala, na inafaa kabisa. Kagua mishono ya mabega na kola kabla ya kulipa. Kata kucha, vua pete na cheni. Turubai lioshwe kwa sabuni na dawa ya kuua vijidudu kila baada ya mazoezi, kwa sababu choa huenea haraka kwa watu wanaosuguana ngozi. Wakati wa mvua za Machi hadi Mei gi haikauki upesi. Ianike mahali penye upepo, na usivae yenye unyevu. Mwenye kipele cha mviringo au kidonda kibichi apumzike mpaka kipone.